Mluzi Katika Sikio la Mama

Ninyi mnaosoma sekondari hapa Rungwe, mnaokaa karibu na madirisha mkitazama ukungu unavyoshuka kutoka mlimani na kumeza nguzo za umeme moja baada ya nyingine, najua mnachowaza. Mnawaza kuondoka. Mimi nilikaa kwenye madirisha hayohayo, nikawaza hivyohivyo, nikaondoka. Sikuwa na mjomba mjini wala mtu wa kunishika mkono. Nilirudi na diploma ya uhandisi wa elektroniki, na sasa nimestaafu. Nina nyumba ya matofali juu kidogo ya mji wa Tukuyu, nina ng'ombe wa maziwa, na nina jina. Shukeni stendi mumuulizie Fundi Sanifu; hata mama anayechoma mahindi atawaonyesha njia. Najisifu, ndiyo. Nilichopata nilikifanyia kazi, na nikikificha ninyi mtajifunzia wapi?

Watu wakisikia elektroniki wanafikiri ni kufungua redio. Kweli, redio unafungua. Lakini elimu hiyohiyo imenipandisha kwenye minara ya simu mahali ambapo mawingu yalikuwa chini ya viatu vyangu. Imenishusha ndani ya meli bandarini kutengeneza rada, nikasikia maji yakigonga chuma upande wa pili wa ukuta. Imeniweka miaka mingi hospitalini, katikati ya mashine zinazohesabu mapigo ya mioyo ya watu waliolala. Kote huko kazi ilikuwa moja: kuna ishara inatoka mahali fulani, inataka kufika mahali pengine, na njiani kuna kitu kinaizuia. Ukiielewa sentensi hiyo, umeshaanza mwaka wa kwanza wa chuo bila kulipa ada.

Hata hivyo, kazi ninayoionea fahari kuliko zote niliifanya baada ya kustaafu, na ilikuwa ndogo kama punje ya harage. Ilikuwa nyuma ya sikio la mama yangu.

Mama anaishi Ikuti, katika nyumba ileile niliyozaliwa. Zamani alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya, na watu wa ng'ambo ya mto walijua ibada imeanza kwa kumsikia yeye. Kisha masikio yakaanza kuondoka, kama ukungu unavyoingia: hujui umeanza lini, unashtuka tu huuoni mti wa jirani. Akaacha kuitikia salamu za njiani. Watu wakasema ameota kiburi. Akaacha kwenda kwenye vikao vya akina mama. Niliporudi kutoka Dar es Salaam nilimkuta anashinda jikoni kwake, akitabasamu kwa kila unachomwambia, hata ukimwambia kuna msiba. Tabasamu lile liliniuma kuliko kama angelia.

Ikaja kambi ya upimaji, wataalamu wa masikio kutoka mbali, na mama akapewa kifaa cha kusikia, kile kinachoning'inia nyuma ya sikio, chenye kipira kinachoingia ndani. Mimi nilikuwa nimekwenda Dar kuhamisha vitu vyangu vya mwisho. Nilirudi nikitegemea kukuta mama mpya. Nikakuta kifaa kimewekwa ndani ya kikombe, kabatini.

"Mama, mbona hukivai?" nikauliza kwa kupiga kelele, kama kila mtu.

"Kinapiga mlusi," akasema. "Nimekwenda nacho kanisani, mchungaji akakatisha mahubili akauliza ni simu ya nani. Watu wote wakanigeukia. Nimetoka nje, mbwa wa Mama Tumpe wakanisindikisa mpaka nyumbani."

"Mbwa?"

"Wanafikili nawaita. Kiludishe, Ambilikile. Wampe mwenye masikio ya kisungu."

Ilikuwa rahisi kucheka, nami nilicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Kliniki ya masikio hapa wilayani ilikuwa imempangia arudi apimwe upya. Utaratibu wao ulikuwa wazi, na nauona ni wa haki: vifaa vichache, wanaosubiri wengi, na kifaa kisipomsaidia aliyepewa, anapewa mwingine. Kwa hiyo mama alikuwa na mtihani mmoja mbele yake. Akifaulu, arudi kati yetu. Akishindwa, abaki jikoni na tabasamu lake.

Nimetaja mtihani, basi niwaambie kidogo habari za chuo.

Siku ya kwanza kuona oskiloskopu nilisahau kwamba nina njaa. Ni kama runinga ndogo, ina mstari wa kijani unaotembea gizani. Mwalimu akaunganisha kipaza sauti, akatuambia kila mmoja aseme jina lake. Nikasema, "Ambilikile." Mstari ukainuka, na pale kwenye kioo, Dar es Salaam, kwenye joto la kukausha mate, nikaona vilima. Kimoja nyuma ya kingine, vikififia, kama unavyoviona asubuhi ukisimama Nkunga na jua halijaamua. Jina langu lilikuwa na sura ya kwetu. Mwalimu aliniambia nipishe wenzangu, nikawa bado nimesimama. Tangu siku ile kila sauti kwangu ina umbo. Mvua juu ya bati ni nyasi nyingi fupi. Kengele ni duara linalozidi kupungua. Ninyi mnaoota mchana darasani, msiambiwe kwamba hamfai sayansi. Mimi naota mpaka leo, na mishahara yote niliyopata niliipata kwa kuona kitu ambacho hakionekani.

Hesabu zilikuwa ngumu, sitawadanganya. Nilizishinda. Mwaka wa kwanza nilikuwa wa katikati kwa hesabu na wa kwanza kwa mikono. Mwaka wa mwisho nilikuwa wa kwanza kwa vyote viwili, waulizeni niliosoma nao. Kilichonisumbua kuliko hesabu kilikuwa dirisha la stoo. Pale alikaa mtunza stoo mmoja, mtu wa pwani, mwenye Kiswahili cha kuteleza, na vifaa vyote vya majaribio vilipitia mkononi mwake.

"Shikamoo, mzee. Naomba lilei."

Nilitaka rilei, ile swichi inayojiwasha yenyewe ikipata umeme.

"Marahaba. Lilale?"

"Lilei, mzee."

"Likilala nani ataliamsha? Wewe kijana wa Mbeya, nenda kalale wewe kwanza. Ukiamka uje useme unataka nini."

Foleni nzima ilianguka kicheko, nikarudi mikono mitupu. Wadogo zangu, siku zile sikuweza kutamka r hata kwa viboko. Kuisikia niliisikia vizuri kabisa. Ulimi ndio uliokuwa haujui njia. Nyumbani tulikuwa tunasema Kinyakyusa, na ulimi wa Kinyakyusa haujazoea r wala z. Nikaufundisha wangu bwenini, usiku na mchana, rezista, rilei, rada, mpaka wenzangu wakaanza kunirushia viatu. Leo nina r ya kukwaruza bati.

Chuo kilinipa diploma. Subira nilipewa na Mzee Kondo, fundi mkuu wangu wa kwanza hospitalini, mtu mnene mpole aliyekuwa anavaa koti jeupe kuliko madaktari. Nikifika na bisibisi mkononi, ananiuliza, "Umeshakunywa chai na huyo mgonjwa?" Mgonjwa ni mashine. Maana yake kaa nayo kwanza, itazame, isikilize, uone inaishi vipi. Kulikuwa na mashine moja ya kupima hewa ya damu kwa kidole, yenye kitaa chekundu, ambayo kila alasiri ilipiga kelele kwamba mgonjwa anakufa, na mgonjwa amekaa anakula chungwa. Tulibadilisha waya, tukabadilisha bodi, tukabadilisha hata kidole. Mzee Kondo akaja na kikombe chake, akakaa kando ya kitanda mpaka alasiri ikafika. Kisha akainuka akavuta pazia. Kelele ikakoma. Jua lilikuwa linaingia dirishani na kukipofusha kile kitaa.

"Kama kifaa ni kizima," akaniambia, "na mwenye kifaa ni mzima, acha kuwasumbua. Tazama kilichokaa katikati yao."

Kwa hiyo nilikaa na kile kifaa cha mama, na chai yangu, kibarazani Ikuti, mvua ikinyesha ile ya kwetu isiyo na mwanzo wala mwisho.

Kwanza nilikuta unyevu. Hili mlishike, kwa sababu vitabu vyenu vimeandikwa na watu wa nchi kavu. Huku kwetu viatu vinaota ukungu chini ya kitanda, na chumvi inalia machozi kwenye chombo. Kifaa cha elektroniki kinavuta maji hewani bila kunyeshewa, na kikishavuta kinakwaruza, kinakatika sauti, kinakufa. Wengine huvitundika juu ya moshi wa jikoni. Moshi utakausha, ndiyo, na masizi yataziba. Mimi nilichukua kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, nikaweka majani makavu ya chai yaliyotoka kiwandani muda si mrefu, nikayafunika kwa kitambaa safi, na juu ya kitambaa nikalaza kifaa usiku kucha, mlango wa betri ukiwa wazi. Majani ya chai yana kiu ya ajabu. Asubuhi kukwaruza kote kulikuwa kumeisha. Hilo nililibuni mwenyewe, na sijaliona kwenye kitabu chochote.

Lakini mluzi ulibaki. Mluzi ni ule wa spika za kanisani, mwimbaji akizisogelea na kipaza sauti: sauti inatoka, inaingia tena pale ilipotokea, inazunguka na kukua mpaka inakuwa kelele. Maana yake kifaa kimefunguliwa kupita kiasi. Nikafunua kifuniko kidogo cha chini, nikaona skrubu ya sauti nyembamba imezungushwa hadi mwisho wa njia yake. Sikuigusa. Mtaalamu aliiweka pale kwa sababu, na fundi mwenye akili hapindui alichokiweka mwenzake kabla ya kuijua hiyo sababu. Nikakifunga kifuniko, nikaisubiri siku ya kliniki.

Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka. Alikaa kwenye benchi amenyooka kama shahidi mahakamani, na mkono wake ulikuwa umeshika shati langu kwa nyuma, nisiondoke.

Aliyetupokea aliitwa Mwanaidi, binti wa Tanga aliyepangiwa kazi huku, mwenye sweta mbili, moja juu ya nyingine. "Shikamoo, bibi," alisema, akapiga goti kidogo, nikampenda hapohapo. Akaeleza: yeye atasoma neno akiwa ameficha mdomo kwa kadi, bibi atalirudia. Nikamweleza mama tena sikioni. Mama akaitikia kwa kichwa, kifaa sikioni kikipiga mluzi wake.

"Kiti," akasema Mwanaidi.

"Kiti."

"Mlango."

"Mlango."

"Redio."

"Ledio."

Kalamu ikaweka alama. Niliiona ni ya kukosa.

"Zawadi."

"Sawadi."

"Barua."

"Balua."

"Zaa."

"Saa."

Alama, alama, alama. Mama aliiona kalamu ikitembea, akazidi kukaza macho na kusema kwa nguvu. Mwishowe Mwanaidi akaishusha kadi na kuniangalia kwa huruma ya kweli.

"Baba, bibi sauti nzito anazipata. Sauti nyembamba za herufi zinampita. Na wale wa kambi waliona hivihivi, ndiyo maana walimwongezea hizo nyembamba mpaka mwisho. Haikusaidia. Sijui nikwambieje."

Mama hakungoja kuelezwa. Aliuona uso wa yule binti, akainua mkono akaanza kukivua kifaa. "Nimeshindwa," akaniambia kwa Kinyakyusa, taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake mvua inakuja. "Mpe, baba. Waambie asante."

Ndipo nikasikia kicheko cha foleni ya stoo. Kilikuja wazi kabisa, cha miaka yote ile, kikanipanda mgongoni. Kifaa kizima. Mwenye kifaa mzima. Katikati yao kuna ulimi.

"Subiri, binti yangu," nikasema. "Usimwambie aseme. Mwambie afanye."

"Afanye nini?"

"Lolote ambalo neno linasema. Mama, kirudishe sikioni. Usirudie neno. Onyesha."

Mwanaidi akanitazama, akaitazama saa ya ukutani, akaificha midomo tena. "Saa."

Mama akagonga kifundo cha mkono wake kwa kidole.

"Zaa."

Mama akageuka akanielekezea kidole mimi. "Huyu hapa. Hiyo kasi nilishaimalisa."

Kadi ilishuka yenyewe. Mwanaidi alikuwa ameufumba mdomo asicheke, ikashindikana. Akajikaza, akaficha uso. "Kura."

Mama akakunja karatasi isiyokuwepo, akaitumbukiza kwenye sanduku lisilokuwepo.

"Kula."

Mama akapeleka mkono mdomoni. "Na tangu asubuhi hamjanipa kitu."

"Bibi! Kumbe unasikia!"

"Nasikia," mama akasema. "Ninyi ndio mlikuwa hamnisikii."

Mwanaidi alicheka mpaka akafuta macho kwa sweta ya juu. "Jamani, mimi huyu! Kila siku sokoni naambiwa 'dada, kalibu, ndisi hisi hapa,' nanunua ndizi naondoka, sijawahi kudhani hawa watu ni viziwi." Akaichana ile karatasi ya alama. Akampima upya, kwa milio safari hii, mama akiinua mkono kila anaposikia. Milio haina kabila. Sauti nyembamba mama alizipata karibu sawa na nzito. Kumbe kule kambini aliongezewa dawa ya ugonjwa ambao hakuwa nao, na mluzi ukazaliwa hapo.

Kilichobaki kilikuwa skrubu. Bisibisi ya kliniki ilikuwa nene. Nikatoa ya kwangu mfukoni, kwa sababu fundi sanifu hatembei bila bisibisi ndogo, hata harusini. Mwanaidi akawa anatazama majibu ya kipimo na kuniambia, "Rudisha kidogo, baba. Kidogo tena," nami nazungusha, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Mluzi ukapungua ukawa uzi. Uzi ukawa mwembamba. Ukaisha.

 Mama aliinamisha kichwa upande, macho yako mbali. Sijui alikuwa wapi. Nilifikiri kifaa kimezima, nikaanza kuinuka.

"Nani anakologa chai?" akauliza.

Hatukusikia kitu, si mimi wala Mwanaidi. Mwanaidi akafungua mlango, akaenda kuchungulia chumba cha pili. Akarudi taratibu. Muuguzi mmoja alikuwa kweli amekaa kule na kikombe, anakoroga.

Sasa nisikilizeni. Mtaambiwa elektroniki ni kazi ya mijini. Nendeni mijini mkaisome, hiyo haina ubishi. Someni cheti, mpande hadi diploma, na mwenye pumzi apande zaidi. Lakini tazameni huku kwenu kwa jicho la fundi. Vyumba baridi vya parachichi vinahitaji mtu anayeelewa ubao unaoamuru ubaridi. Mitambo ya chai imejaa vihisio vinavyougua unyevu. Matangi ya maziwa, minara vilimani, sola juu ya mapaa, mashine za zahanati. Vyote vinangoja mtu ambaye amesoma na ambaye pia anajua watu wa hapa wanasemaje. Mgeni aliyesoma atavitengeneza nusu. Nusu nyingine ni ya kwenu. Mimi nimezishika zote mbili, ndiyo maana natembea kifua mbele.

Mama sasa anaitikia salamu, na akisalimiwa na waliosema ana kiburi, anaitikia kwa sauti kubwa zaidi. Kwaya imemrudisha. Hajawa sauti ya kwanza tena, pumzi imepungua, lakini kiti chake kiko mbele.

Juzi nilikuwa kwake kibarazani. Nilikuwa namweleza ile kazi nzima tangu mwanzo: mluzi unavyozaliwa, skrubu inavyokata sauti, majani ya chai yanavyovuta maji, na jinsi ambavyo pale wilayani hakuna mtu mwingine ambaye angeligundua lile jambo. Nilieleza vizuri. Nilifika mpaka kwenye oskiloskopu. Nikamwona anainua kidole nyuma ya sikio, anazungusha kile kigurudumu kidogo.

"Mama, umezima?"

"Sijasima, baba. Nimekupungusa."

Nikaiacha oskiloskopu hapohapo, nikageukia nje. Ukungu ulikuwa umefika kwenye zizi, na migomba ya mbali ilikuwa imeshaanza kupotea. Baada ya muda kidole chake kikapanda tena, kikazungusha upande wa pili, mpaka mwisho, naye akafumba macho. Mvua ilikuwa inaingia kwenye majani ya mgomba, tone moja moja.